Kusahau Hofu Ni Kazi: Kemia ya Kulegea kwa Kumbukumbu

Mvua ya usiku ikianza kugonga mabati mjini Uvira, wapo wanaogeuka upande wa pili wakaendelea kulala, na wapo wanaoketi kitandani moyo ukienda mbio. Wengi wa hawa wa pili walikuwapo usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mto Mulongwe na mito mingine inayoteremka kutoka Milima ya Mitumba ilipofurika, ikaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Kavimvira, mtaa wa kaskazini ya mji ulio kwenye njia ya mpaka wa Burundi, una sababu nyingine za kushtuka. Mwaka 2015 uliwapokea wakimbizi wa Burundi waliovuka kwa wingi. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi kuingia nyumba za watu. Na kwa karibu miaka 30 mlio wa bunduki haujawa kitu kigeni huko.

Mtu aliyeandamwa na kumbukumbu za namna hii huambiwa na wapendwa wake: yamepita, sahau. Nia ni njema, lakini ushauri huo unadhani kwamba kumbukumbu hufifia yenyewe siku zikipita. Utafiti wa nusu karne sasa unaonyesha vingine. Kumbukumbu ya hofu hujengwa kwa kazi ya kikemia, na hulegea kwa kazi nyingine ya kikemia yenye hatua zake, watendaji wake na masharti yake. Masharti hayo yasipotimia, miaka 10 inaweza kupita na hofu ikabaki mbichi. Ni vyema basi tuijue kazi hiyo, kwa sababu sehemu ya masharti yake iko mikononi mwetu.

Kumbukumbu hukaa wapi?

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo hazigusani moja kwa moja. Mahali moja inapokaribiana na nyingine huitwa sinapsi, na kati yao hubaki mwanya mdogo mno, kama sehemu 20 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Seli ya kwanza ikipata mshtuko wa umeme humwaga kemikali katika mwanya huo. Katika saketi za kumbukumbu, kemikali hiyo kwa kawaida ni glutamati. Upande wa pili wa mwanya kuna protini zinazoipokea, ziitwazo vipokezi vya AMPA. Glutamati ikizishika, hufunguka, chembe za sodiamu zenye chaji huingia, na seli ya pili hupata umeme wake.

Nguvu ya sinapsi hutegemea kwa kiasi kikubwa idadi ya vipokezi hivyo. Vikiwa vingi, mnong'ono wa seli ya kwanza husikika wazi kwa seli ya pili. Vikipungua, ujumbe uleule hufika umefifia. Kwa hiyo mtu akijifunza jambo, seli mpya hazihitajiki sana. Kinachobadilika ni nguvu za sinapsi zilizokwishakuwapo. Sehemu mbili za ubongo zinatuhusu zaidi hapa. Hipokampasi, iliyo ndani ya ubavu wa ubongo juu ya usawa wa sikio, hushughulikia matukio na mahali yalipotokea. Amigdala, jirani yake wa mbele, huunganisha ishara na hatari: sauti ya mvua na mto unaokuja, mlio wa pikipiki usiku na watu wenye silaha.

Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walitangaza matokeo ya kazi yao ya Oslo, Norwe. Waliposisimua neva za hipokampasi ya sungura kwa mapigo ya umeme ya haraka, sinapsi ziliongezeka nguvu na kubaki hivyo kwa saa nyingi. Huko ndiko kuimarika kwa muda mrefu, na kwa miaka mingi ndiko kulikovutia macho ya watafiti wengi. Hata hivyo swali lilikuwa dhahiri. Kama sinapsi zingekuwa zinaimarika tu, zote zingefika ukomo wa nguvu, na hapo ubongo usingeweza tena kutofautisha jambo moja na jingine wala kujifunza lolote jipya. Lazima iwepo njia ya kurudi chini.

Mapigo 900

Masao Ito wa Japani aliionyesha njia hiyo mwaka 1982 katika serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo wa mwili. Miaka 10 baadaye, mwaka 1992, Serena Dudek na Mark Bear wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliionyesha katika hipokampasi yenyewe. Walichukua vipande vyembamba vya hipokampasi ya panya, wakavipa mapigo 900 ya umeme. Walipoyatoa polepole, pigo moja hadi matatu kwa sekunde, sinapsi zilidhoofika na kubaki dhaifu. Walipoyatoa kwa kasi ya mapigo 10 kwa sekunde, hakukuwa na badiliko la maana. Walipofika 50 kwa sekunde, sinapsi ziliimarika. Idadi ilikuwa ileile, waya uleule, seli zilezile. Kilichobadilika ni mwendo peke yake.

Sinapsi inawezaje kusoma mwendo na kuamua ipande au ishuke? Jibu lilikuwa limependekezwa na John Lisman mwaka 1989, kabla hata ya jaribio la Dudek na Bear: linatokana na kalisi, madini yaleyale yanayojenga mifupa na meno.

Pembeni mwa vipokezi vya AMPA kuna aina nyingine, vipokezi vya NMDA. Tundu la hivi huzibwa na chembe ya magnesiamu, na kizibo hicho hulegea seli inapopata umeme wa kutosha. Mapigo ya haraka huing'oa magnesiamu kabisa, na kalisi huingia kwa wingi na kwa ghafla. Mapigo ya polepole huitikisa tu, na kalisi huingia kidogokidogo kwa muda mrefu. Wakulima wa mpunga wa Bonde la Ruzizi wanalijua jambo la namna hii kwa maji: mfereji unaotiririka taratibu na mto uliofurika hufanya kazi mbili zinazopingana katika shamba lilelile, ingawa maji ni yaleyale.

Kalisi ikijaa kwa ghafla huamsha kimeng'enya kiitwacho CaMKII. Kazi yake ni kubandika fosfeti juu ya protini nyingine, na matokeo yake vipokezi vya AMPA huongezwa na kushikiliwa mahali pake. Kalisi ikiwa kidogo haitoshi kukiamsha hicho kikamilifu, lakini yatosha kuamsha kingine chenye usikivu mkubwa zaidi: kalsinyurini. Hiki hufanya kinyume. Hubandua fosfeti.

Hapa kuna mnyororo mzuri, uliofumbuliwa na maabara ya Robert Malenka kati ya 1992 na 1994. Ndani ya sinapsi kuna kimeng'enya kingine kibanduaji, PP1, ambacho muda mwingi hufungwa mikono na protini iitwayo kizuizi namba 1. Kizuizi hicho hufanya kazi kikiwa na fosfeti yake tu. Kalsinyurini ikiamka, hukivua kizuizi fosfeti, kizuizi hulegea, na PP1 huachiwa huru. PP1 ikishakuwa huru hupita ikibandua fosfeti zilizowekwa wakati wa kuimarika. Mwaka 2000 maabara ya Richard Huganir katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilionyesha mahali pamoja mahsusi palipoguswa: kwenye kipokezi cha AMPA, sehemu iitwayo serini 845. Fosfeti ikiondoka hapo, sinapsi imeanza kudhoofika.

Kinachofuata hakihitaji hata saa moja. Kipokezi kilichovuliwa fosfeti huteleza kutoka katikati ya sinapsi hadi pembeni. Hapo protini za klathrini hujipanga chini ya utando wa seli, utando hubonyea kwa ndani, hufunga kama kifuko kidogo na kukatika, na kipokezi huzama ndani ya seli. Vingine huhifadhiwa na huweza kurudishwa baadaye, vingine huvunjwavunjwa. Hali ikiendelea, hata kijinundu cha seli kinachobeba sinapsi husinyaa. Mwaka 2010 kundi la Morgan Sheng lilionyesha jambo la kushangaza zaidi: kaspasi 3, kimeng'enya kinachojulikana kwa kuongoza kifo cha seli, huhitajika kwa kiwango kidogo katika kazi hii. Seli hutumia chombo cha kujiua ili kupogoa sinapsi moja, kisha hukizima kabla hakijaleta madhara.

Ipo pia njia ya pili, isiyopitia vipokezi vya NMDA. Hii huanzia kwenye aina nyingine ya vipokezi vya glutamati na hulazimu protini mpya kutengenezwa papo hapo karibu na sinapsi. Kimberly Huber na Mark Bear waliithibitisha mwaka 2000. Miaka miwili baadaye waligundua kwamba panya waliokosa jeni ya FMR1, ambayo kukosekana kwake kwa binadamu huleta aina mojawapo ya ulemavu wa akili wa kurithi, hudhoofisha sinapsi kwa njia hii kupita kiasi. Kudhoofisha kumbe ni sawa na kuimarisha: kupungua kwake ni tatizo, na kuzidi kwake ni tatizo.

Panya aliyesahau na kukumbushwa

Je, haya ya vipande vya ubongo ndani ya chombo cha maabara yanahusu kweli kumbukumbu ya kiumbe hai? Jaribio lililojibu vizuri zaidi lilitangazwa mwaka 2014 na Sadegh Nabavi, Roberto Malinow na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Waliziwekea seli za neva za panya protini inayoitika mwanga, katika njia inayopeleka habari za sauti kwenye amigdala. Wakawasha mwanga huo na papo hapo kumpa panya mshtuko mdogo wa umeme mguuni. Kesho yake panya aliogopa mwanga peke yake, ingawa hakuuona kwa macho. Uliwashwa ndani ya ubongo wake.

Kisha wakatoa mapigo ya mwanga 900, moja kwa sekunde, mwendo uleule wa Dudek na Bear. Hofu ikatoweka. Baadaye wakatoa mapigo ya haraka, 100 kwa sekunde, na hofu ikarudi bila mshtuko mwingine wowote. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wamezima na kuwasha kumbukumbu ileile kwa kupunguza na kuongeza nguvu za sinapsi.

Ushahidi mwingine ulitoka upande wa kusahau kwa kawaida. Mwaka 2016 Paola Virginia Migues, Oliver Hardt na wenzao waliwapa panya molekuli ndogo inayozuia vipokezi vya AMPA kuzamishwa ndani ya seli. Panya hao walizikumbuka kwa muda mrefu zaidi habari za mahali ambazo wenzao walizisahau. Ukizuia uzamishaji, umezuia usahaulifu. Siku zinapopita, basi, si siku zinazofuta. Kuna kazi ya kikemia inayofuta, na inaweza kuzuiwa.

Kwa nini hofu hurudi

Katika maabara, njia ya kawaida ya kumtuliza mnyama mwenye hofu ni kumsikilizisha ile sauti ya hatari mara nyingi bila hatari kufuata. Hofu hupungua taratibu. Ivan Pavlov aliliona jambo la namna hii katika mazoea mengine ya wanyama tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na aliuona pia udhaifu wake: baada ya mapumziko, kilichofifia hurudi kwa sehemu. Hofu nayo hurudi hivyo, na hurudi vilevile mnyama akipelekwa mahali pengine, au akipatwa na mshtuko mpya. Maana yake ni kwamba mara nyingi kutulia huko hujenga kumbukumbu ya pili, ile ya usalama, inayoishikilia ya kwanza chini bila kuifuta. Kumbukumbu hii ya usalama husaidiwa na sehemu ya mbele ya ubongo, na hufungamana sana na mahali na wakati ilipopatikana. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa mtulivu kabisa akiwa mgeni Bukavu, kisha akarejea Kavimvira msimu wa masika na kutetemeka upya.

Lakini kuna nyakati ambapo kumbukumbu ya kwanza yenyewe hulegea. Mwaka 2010 Roger Clem na Richard Huganir walionyesha kwamba katika amigdala ya panya, katika siku chache za kwanza baada ya tukio la hofu, huingizwa aina maalumu ya vipokezi vya AMPA visivyo imara. Kumbukumbu ikiamshwa kisha mafunzo ya usalama yakafuata katika kipindi hicho, vipokezi hivyo huondolewa na hofu hairudi kama ilivyo kawaida. Watafiti wengi wamejaribu tangu hapo kutafuta dirisha kama hilo kwa binadamu, na majibu yao hayajaafikiana. Kinachokubalika kwa wengi ni sharti la msingi: ili sinapsi ya hofu idhoofike, kumbukumbu inahitaji kuamshwa, na inapoamshwa mtu awe salama. Kuikwepa kumbukumbu kila inapochungulia huiacha na vipokezi vyake vyote. Kuiamsha kwa kishindo, katikati ya hatari, huiongezea vingine.

Somo kutoka Nakivale

Sehemu ya maarifa haya imetoka karibu na sisi. Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika, na leo inahifadhi Wakongo wengi waliotoka Kivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakiwemo Thomas Elbert, Frank Neuner na Iris-Tatjana Kolassa, walifanya kazi huko miaka mingi na wakimbizi waliookoka vita na mauaji ya Rwanda. Waligundua kwamba kadiri aina za matukio ya kutisha alizopitia mtu zinavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa kupata msongo wa baada ya kiwewe unavyopanda, na mzigo ukiwa mkubwa mno karibu kila mtu huugua. Wanaowaambia wagonjwa hawa kwamba wana moyo mwepesi hawana hoja. Moyo wowote una kikomo.

Mwaka 2012 Dominique de Quervain na Andreas Papassotiropoulos wa Basel, Uswisi, pamoja na Kolassa na Elbert, walitangaza habari za jeni inayotengeneza kimeng'enya PKC alfa. Katika vijana wazima wa Uswisi, namna moja ya jeni hiyo ilienda pamoja na uwezo mkubwa zaidi wa kukumbuka picha. Katika wakimbizi wa Nakivale, namna hiyohiyo ilienda pamoja na hatari kubwa zaidi ya kiwewe. Na PKC alfa tunaifahamu kutoka kwenye serebela: ndiyo inayobandika fosfeti kwenye sehemu nyingine ya kipokezi cha AMPA na kukifanya kiachie mshikizo wake, hatua ya lazima katika ule udhoofishaji aliougundua Ito. Katika hipokampasi kimeng'enya hichohicho huhusika pia na kuimarisha. Uhusiano wa jeni na ugonjwa hautuonyeshi upande upi ndio uliolemea, ila unatuambia jambo moja lenye uzito: kumbukumbu nzuri na jeraha la kumbukumbu hutumia vifaa vilevile. Mwanafunzi hodari wa darasa anaweza kuwa ndiye atakayeteseka zaidi baada ya usiku mbaya.

Nakivale ilitoa pia habari njema. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa na kiwewe waligawanywa. Baadhi walipewa tiba ya masimulizi, ambapo mtu hutandaza maisha yake kwa mpangilio, kuanzia kuzaliwa, na kusimulia kila tukio zito hadi mwisho wake akiwa na msikilizaji aliyefunzwa. Wengine walipewa ushauri nasaha wa kawaida unaohusu kiwewe, na kundi la tatu lilifuatiliwa tu. Waliotoa huduma walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo. Katika ufuatiliaji wa baadaye, wagonjwa wapatao 70 kati ya kila 100 wa masimulizi hawakuwa tena na ugonjwa huo. Wa ushauri walikuwa 65, na waliofuatiliwa tu walikuwa 37. Namba hiyo ya mwisho ndiyo kazi ya muda peke yake. Ipo, lakini haitoshi.

Katika Kivu zetu wenyewe

Jaribio linalotugusa zaidi lilifanyika Kongo Mashariki, likaongozwa na Judith Bass wa Johns Hopkins na kutangazwa mwaka 2013. Wanawake 405 wa vijiji 15 vya Kivu Kusini na Kaskazini, wote waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono, walihudumiwa na wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii ambao hawakuwa madaktari. Kazi ilifanyika katika lugha za wenyeji, zikiwemo Kifuliiru na Kibembe zinazosemwa Uvira na Fizi. Katika vijiji saba akina mama walikutana kwa vikundi na kujifunza kuchunguza mawazo yaliyozaliwa na tukio, hasa lile la kujilaumu. Katika vijiji vinane walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja.

Kabla ya huduma, asilimia 71 ya kundi la kwanza na asilimia 83 ya kundi la pili walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Miezi sita baada ya vikao kwisha, zilikuwa asilimia 9 na asilimia 42. Matokeo ya kiwewe yalielekea hivyohivyo. Na haya yalitokea vita vikiwa havijaisha. Wengi wa akina mama hao walikuwa hawajui kusoma, na vijiji kadhaa vilikuwa bado havina amani.

Hakuna aliyehesabu vipokezi vya AMPA vya akina mama hao, na tiba yao haikufuata njia ya masimulizi ya Nakivale. Kuruka kutoka kwa panya wa San Diego hadi kwa mama wa Fizi ni kuruka mbali. Lakini pengo hilo linaanza kuzibika: tangu 2020 watafiti wa Yokohama, Japani, wameweza kupiga picha za vipokezi vya AMPA ndani ya ubongo wa binadamu aliye hai. Kwa sasa tunaweza kusema kwamba tiba hizi hupunguza mateso yanayoletwa na kumbukumbu, na kwamba ubongo haujulikani kubadilisha kumbukumbu bila kugusa sinapsi.

Mtoto anayesahau masomo

Kuna jambo moja ambalo walimu wa shule zinazopokea watoto waliohama makwao wanapaswa kulijua. Mwaka 1997 Lin Xu, Roger Anwyl na Michael Rowan wa Dublin, Ayalandi, waliwapa panya hofu ndogo, kama ile ya kuwekwa juu ya jukwaa lililoinuka. Katika hali hiyo, sinapsi za hipokampasi zilidhoofishwa kwa urahisi ambao haukuwapo mnyama alipokuwa ametulia. Katika amigdala, hofu hufanya kinyume: huimarisha.

Matokeo yake tunayaona darasani. Mtoto wa Kavimvira anaweza kukumbuka kila undani wa usiku wa mafuriko na papo hapo akasahau jedwali la kuzidisha alilolijua wiki jana. Mwalimu humwona mvivu, humchapa, na fimbo huongeza hofu ileile iliyoharibu somo. Mtoto huyo anahitaji kwanza utulivu: ratiba isiyobadilika, mwalimu asiyepiga kelele, na somo kurudiwa kwa upole.

Usingizi nao una sehemu yake. Mwaka 2017 Luisa de Vivo, Chiara Cirelli na Giulio Tononi wa Wisconsin walipima maelfu ya sinapsi za gamba la ubongo wa panya. Baada ya kulala, ukubwa wa sehemu za mgusano ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 18, isipokuwa zile kubwa kabisa, kama moja kati ya tano. Wao wanaamini kwamba usiku ubongo hupunguza nguvu kwa jumla ili yaliyo muhimu yajitokeze na nafasi ya kesho ipatikane. Asiyelala kwa hofu, basi, hukosa pia huduma hiyo.

Udhoofishaji ukizidi huleta balaa jingine. Katika ugonjwa wa Alzheimer, vipande vidogo vya protini ya amiloidi huusukuma mnyororo uleule wa kalsinyurini na kuzamisha vipokezi vya AMPA kusikotakiwa. Mwaka 2008 kundi la Dennis Selkoe lilionyesha kwamba amiloidi iliyotolewa katika ubongo wa wagonjwa waliofariki huzidisha udhoofishaji wa sinapsi. Ndiyo maana dawa ya kudhoofisha sinapsi kwa jumla haitafaa kutibu kiwewe: haitachagua kati ya usiku wa mafuriko na jina la mjukuu. Kinachochagua ni kukumbuka kwenyewe, kwa kuwa huamsha sinapsi zinazohusika na kuziacha nyingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unaye nyumbani mtu anayeshtuka usiku, anayekwepa njia fulani, au asiyelala mwezi mzima baada ya tukio, usimwambie asahau, wala usimlazimishe kusimulia mbele ya watu. Mpeleke kituo cha afya au nyumba ya usikilizaji iliyo karibu, na uulize kama kuna msaidizi wa kisaikolojia na kijamii aliyefunzwa. Huko Uvira na kando yote ya ziwa, wakuu wa afya, makanisa, misikiti na mashirika wanapogawa mahema na sabuni baada ya maafa, waweke pia fedha za kuwafunza na kuwalipa wasikilizaji hawa. Ushahidi wa Nakivale na wa Kivu umeonyesha kwamba kazi hii haihitaji hospitali kubwa wala daktari bingwa. Inahitaji mtu aliyefunzwa, mahali pa usalama, na vikao vinavyofuatana hadi mwisho.